Kihami joto kimefeli ukaguzi: dalili, vyanzo na pa kuanzia kutafuta

Barua ya kufeli ikifika kiwandani, wa kwanza kulaumiwa ni maabara. "Mashine yao mbovu." "Wamekata sampuli vibaya." Mara chache huwa kweli. Katika kazi yangu ya udhibiti wa ubora wa vihami joto, ile ambayo wengi tunaiita insulesheni, chanzo nilichokikuta mara nyingi kuliko vyote ni kimoja: ubao ulio kwenye paleti leo si ubao uliopimwa wakati wa kutafuta cheti. Gundi imeongezwa kidogo, muuzaji wa malighafi amebadilishwa, laini imeongezwa kasi, na hakuna aliyerudi kuuliza karatasi zinasemaje.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote weka vitu vitatu juu ya meza moja: kipande cha bidhaa kutoka bechi inayolalamikiwa, lebo ya pakiti yake, na ripoti ya kipimo inayoitegemeza lebo hiyo. Mtu mmoja asome namba kwa sauti, mwingine afuatilie kwa kidole. Jina la bidhaa, unene, uzito kwa ujazo, foili ya juu, tarehe. Zoezi hili halimalizi nusu saa, na kesi nyingi huishia hapo hapo.

Mifano mingi hapa chini ni ya viwango vya EN vya Ulaya. Pale Marekani wanapokwenda njia yao nitasema.

Dalili: lambda ya maabara iko juu kuliko ya lebo

Lambda ni upitishaji joto, na ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Swali la kwanza si "nani kakosea", ni "wamepima kwenye joto gani?" Ulaya hupima joto la wastani la sampuli likiwa nyuzi 10 za Selsiasi. Marekani hupima nyuzi 75 za Farenhaiti, yaani karibu 24 za Selsiasi. Povu la polistirini linalosoma 0.036 kwenye nyuzi 10 litasoma takribani asilimia 5 zaidi kwenye 24, kwa hiyo utaona karibu 0.038 na hakuna aliyedanganya. Kiwango cha ISO 10456 kina kanuni za kugeuza namba hizo. Ripoti isiyotaja joto la wastani la kipimo irudishe ilikotoka, haina kazi.

Joto likilingana, angalia namba ya lebo ilipatikanaje. Viwango vya EN vya vihami (EN 13162 kwa pamba ya madini, 13163 kwa polistirini iliyotanuliwa, 13164 kwa ile ya kusukumwa kwenye tundu, 13165 kwa poliurethani) havitaki wastani. Vinataka thamani ambayo angalau asilimia 90 ya uzalishaji inaifikia, kwa uhakika wa asilimia 90. Ndiyo maana huandikwa 90/90. Unahitaji matokeo yasiyopungua 10, unachukua wastani, unajumlisha mkengeuko sanifu (kipimo cha namna matokeo yanavyotawanyika) uliozidishwa kwa kizidishi k, kisha unakadiria kwenda juu hadi 0.001 kamili.

Tufanye hesabu yenyewe. Matokeo 10, wastani 0.0342, mkengeuko 0.0005. Kwa matokeo 10, k ni 2.07. Jibu ni 0.0352, na ukikadiria kwenda juu ni 0.036. Sasa nenda kwa watu wa mauzo uone walichoandika kwenye kijikaratasi cha bidhaa: 0.034. Wamechukua wastani wakaukata mkia. Lebo hiyo imefeli siku ilipochapwa, haina haja ya kusubiri mkaguzi.

Raha ya hesabu hii ni kwamba inakuonyesha pia pa kutokea. Ukituliza laini mpaka mkengeuko ushuke kufikia 0.0003, wastani ukibaki ule ule, unapata 0.0348, na lebo inakuwa 0.035 kihalali bila kuongeza gramu moja ya malighafi. Au ukikusanya matokeo 50, k hushuka hadi 1.56, na bechi zile zile za mwanzo zinakupa 0.03498. Hiyo nayo ni 0.035, ingawa imepita kwenye tundu la sindano. Kiwanda kinachopima kwa shingo upande kinaadhibiwa na k.

Marekani hawana 90/90. Wana Kanuni ya Thamani ya R (R ni ukinzani wa joto, na ikiwa kubwa ndiyo nzuri), iliyotolewa mwaka 1979 na Tume ya Biashara ya Shirikisho, inayosema bidhaa isipungue kwa zaidi ya asilimia 10 ya thamani iliyotajwa kwenye lebo. Nimeona mafundi wakiifanya asilimia 10 hiyo kuwa lengo la uzalishaji. Usijaribu. Ile ni nafasi ya kuyumba, si punguzo. Halafu kuna suala la vizio: R moja ya kimataifa ni sawa na 5.678 za Marekani, na pakiti yenye namba ya kizio kimoja chini ya alama ya kizio kingine haitetewi na mtu.

Bado lambda haikubali? Tazama sampuli. Pamba ya kioo au ya mawe iliyotoka kwenye rola iliyobanwa inahitaji muda wa kuumuka. Ukiipima kabla haijainuka umepima bidhaa nyingine kabisa, fupi na nzito. Sampuli iliyolala stoo yenye unyevu nayo itasoma vibaya mpaka itulizwe kwenye nyuzi 23 na unyevunyevu wa asilimia 50.

Poliurethani ina ugonjwa wake wa pekee, nao ni uzee. Vijishimo vya povu hujaa gesi zinazopitisha joto kidogo kuliko hewa: hewa ni kama 0.026, kaboni dioksidi ni kama 0.017, saiklopentani ni kama 0.013. Siku zinavyokwenda kaboni dioksidi hutoroka haraka, hewa huingia, pentani hutoka taratibu mno, na lambda hupanda. Ubao uliomwagwa jana ukisoma 0.020 usiwapigie simu wateja. EN 13165 inakutaka ama uzeeshe sampuli kwa siku 175 kwenye nyuzi 70 za Selsiasi, ama uongeze nyongeza maalumu iliyowekwa na kiwango kulingana na gesi, unene na ganda la ubao. Ubao wenye foili isiyopitisha gesi huzeeka polepole kuliko wenye karatasi, kwa hiyo ukibadili ganda umebadili hata nyongeza.

Mwisho kabisa ndiyo uitazame mashine yenu. Weka bao la rejea lenye thamani inayojulikana, mfano lile la nyuzi za kioo liitwalo IRMM-440, ulipime kila wiki na uchore nukta kwenye karatasi ukutani. Kama bidhaa zote zimehama kwa asilimia ile ile, ugezi (kalibresheni) wa mashine ndio umekwenda. Kama imehama bidhaa moja au unene mmoja tu, mashine iache, rudi kwenye laini. Na bao lenyewe lishikwe kama yai: nimewahi kutafuta kosa la mashine kwa siku mbili, kumbe kona ya bao la rejea ilikuwa imepondwa na mtu aliyeegemeza kisanduku cha zana.

Dalili: daraja la moto limeshuka

Kwenye lambda unaweza kubishana. Kwenye moto hapana.

Chukua pamba ya mawe iliyotangazwa A1, daraja la juu kabisa la moto Ulaya, ikarudi A2, linalofuata. Kwa A1, kipimo cha EN ISO 1716 hakiruhusu joto la kuungua lizidi megajuli 2.0 kwa kilo. Kwa A2 kikomo ni 3.0. Jiwe haliungui. Kinachoungua ni gundi, pamoja na mafuta ya kutuliza vumbi. Gundi ya fenoli ikiungua hutoa takribani megajuli 25 hadi 30 kwa kila kilo yake. Ukiwa na asilimia 5 ya gundi upo kati ya 1.25 na 1.5, unalala usingizi. Asilimia 7 inakufikisha kati ya 1.75 na 2.1, yaani hujui utaamkaje. Na nani alipandisha gundi? Kwa kawaida ni zamu ya usiku, baada ya mteja kulalamika kwamba mbao zinalegea.

Kipimo cha kujua haya kipo kiwandani na ni rahisi: pima sampuli, ichome kwenye tanuru mpaka gundi yote iishe, ipime tena. Gramu 10.00 ikitoka 9.35, umepoteza asilimia 6.5. EN 13820 inaeleza utaratibu wake. Kata sampuli kutoka pande zote mbili na katikati ya mkanda, maana gundi haisambai sawasawa. Ukipasua ubao ukaona mafundo ya kahawia iliyokolea, magumu kama mbegu, hapo gundi imetuama, na kipande kimoja cha namna hiyo kikiingia kwenye chombo cha maabara kinatosha kukuangusha.

Polistirini iliyotanuliwa ina hadithi nyingine. Wengi hutafuta daraja la E, la pili kutoka mwisho: mwali mdogo wa sekunde 15, na ndani ya sekunde 20 ncha ya moto isivuke milimita 150. Bechi ikishindwa, kwanza uliza umri wa bloku. Bloku mbichi bado ina pentani iliyobaki, na pentani ni mafuta ya moto. Ile ile iliyofeli siku ya pili inaweza kupita baada ya kupumzika wiki kadhaa, kwa hiyo sheria yenu ya ndani iseme wazi bloku ikatwe na kutoka ikiwa na umri gani. Kama umri ni mzuri, nenda kwenye silo. Punje za vifungashio ambazo hazina kizuia moto ni nyeupe sawa na zile za ujenzi, na mfuko mmoja uliomiminwa kimakosa huharibu kazi ya siku nzima. Mwali mdogo mezani kwa kila bechi hukamata hili kabla lori halijatoka.

Kisha kuna foili. Daraja la moto ni la mpangilio uliopimwa: ubao huo, gundi hiyo, ganda hilo, uliofungwa namna hiyo. EN 15715 ipo kwa ajili ya kueleza namna ya kufunga vihami wakati wa kupimwa. Kubadili gundi ya kubandikia foili kwa sababu ya bei ni kubadili bidhaa. Na ubao uchi haurithi daraja la ubao uliovikwa.

Sitaacha kuitaja Grenfell Tower, jengo la ghorofa la London lililoungua Juni 14, 2017, likaua watu 72. Uchunguzi wa umma uliohitimisha kazi yake Septemba 2024 ulieleza jinsi watengenezaji wa paneli na vihami walivyopotosha matokeo ya vipimo. Mojawapo ya majaribio ya ukuta, ya mwaka 2014, liliwekewa mbao za magnesiamu oksidi zilizosaidia kuzuia moto, na mbao hizo hazikutajwa kwa wanunuzi. Hilo si kosa la laini. Ni ugonjwa ule ule niliotaja mwanzoni, ila umefanywa kwa makusudi: kilichopimwa si kilichouzwa. Tangu Desemba 2018 Uingereza imepiga marufuku vifaa vinavyoungua kwenye kuta za nje za majengo ya makazi yenye ghorofa iliyo mita 18 au zaidi kutoka chini. Kinachopita ni A1 au A2-s1,d0 (s1 ni moshi kidogo, d0 ni bila matone yanayowaka). Mteja akikuuliza kama ubao wako wa daraja E unafaa ghorofa refu huko, jibu ni fupi.

Dalili: bidhaa ni nzima, mzigo umezuiliwa

Hapa tatizo ni karatasi, na karibu kila mara lina sura moja kati ya hizi.

Tamko la utendaji, hati ambayo mtengenezaji hutangazia sifa za bidhaa, halilingani na lebo. Kwenye polistirini kwa mfano, CS(10)100 ina maana ubao unahimili angalau kilopaskali 100 unapobonyea asilimia 10, na BS150 ni nguvu ya kukunjwa. Mtu wa ofisini akinakili msimbo wa bidhaa jirani, umetangaza kitu usichotengeneza. Msimbo utoke kwenye faili moja tu, asiandike mtu kwa mkono.

Umedai umethibitishwa wakati hujathibitishwa. Ulaya ina mifumo kadhaa ya kutathmini utendaji. Mfumo wa 1 huwahusu wenye madaraja ya A1 hadi C ambao ndani ya uzalishaji kuna hatua inayoboresha tabia ya moto, kama kuweka kizuia moto au kubana kiasi cha gundi: hao hukaguliwa kiwandani na chombo kilichoidhinishwa, mwanzo na baadaye tena na tena. Wengine wengi wako mfumo wa 3, ambapo maabara iliyoidhinishwa hupima sampuli uliyoichagua wewe mwenyewe, na udhibiti wa kiwanda unabaki mikononi mwako. Ripoti ya mfumo wa 3 si cheti cha bidhaa. Kuiita cheti kwenye tangazo ni kujiletea wakaguzi mlangoni. Tena hapa ndipo penye hatari ya kimya kimya: kwa kuwa hakuna anayekuja kukutazama, gundi na punje zinaweza kubadilika miaka mitatu bila mtu kupiga kelele.

Umetumia toleo lisilo sahihi la kiwango. Toleo jipya kabisa dukani si lazima liwe ndilo lililotajwa kwenye Gazeti Rasmi la Umoja wa Ulaya, na kwa tamko la utendaji kinachohesabika ni lile lililotajwa. Pia Kanuni 305/2011 iliyotawala eneo hili inapokewa hatua kwa hatua na Kanuni 2024/3110, inayoleta tamko linalobeba utendaji na ulinganifu pamoja, na taarifa za mazingira. Zamu ya kila kundi la bidhaa huja na kiwango chake kipya, kwa hiyo usibadili fomu zako kwa kukurupuka.

Lugha. Tamko lisomeke kwa lugha inayotakiwa na nchi inayopokea. Inaonekana jambo dogo mpaka kontena likae wiki tatu.

Dalili: maabara ya kemikali imekuta kitu

Bromini kwenye polistirini ndiyo ya kwanza kushtua watu. Kizuia moto cha zamani, HBCD, kiliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kemikali sumu zisizooza, mwaka 2013, na viwanda vikahamia vizuia moto vya polima, ambavyo navyo vina bromini. Kifaa cha miale ya eksirei kitakuonyesha bromini ipo, hakitakuambia ni ya nani. Kwa hiyo usoni mwa mkaguzi usiseme "hatuna bromini". Omba sampuli ilowekwe kwenye asetoni: HBCD hutoka ikaingia kwenye kiowevu, ile ya polima hubaki ndani ya povu. Kama imetoka, chunguza povu la zamani mnalolirudisha kwenye laini. Mabaki ya majengo yaliyobomolewa ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Gesi za kutanulia povu: Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa HFC (gesi zenye florini) zenye uwezo wa kuongeza joto duniani wa 150 au zaidi, Januari 1, 2020 kwa polistirini ya kusukumwa na Januari 1, 2023 kwa mapovu mengine. HFC-134a ina 1430, kwa hiyo haina mjadala. Chanzo cha kawaida cha kufeli hapa ni mchanganyiko wa poliyoli (moja ya kemikali za kutengenezea poliurethani) ulionunuliwa tayari, ambao karatasi yake ya usalama hakuna aliyeisoma hadi sehemu ya tatu, ile ya viambato.

Kwa pamba ya madini, swali ni kama nyuzi zake huyeyuka mwilini upesi kiasi cha kuondolewa kwenye uainishaji wa visababisha saratani, kile ambacho Ulaya hukiita Nota Q. Msamaha huo hufuata kemia ya nyuzi. Ukibadili mawe, slagi au tofali za taka kwenye tanuru, pima oksidi kabla ya kuuza.

Na poliurethani: tangu Agosti 24, 2023, anayetumia kikazi bidhaa yenye asilimia 0.1 au zaidi ya diisosianati (kemikali nyingine ya kutengenezea povu hilo) huko Ulaya lazima awe amepata mafunzo. Ilani hiyo iwe kwenye kifungashio.

Dalili: "ubao umesinyaa" kutoka kwa mjenzi

Mara nyingi polistirini imetoka mapema mno, ikamalizia kusinyaa ukutani. Pima urefu wa ubao wa stoo leo na baada ya wiki mbili. Kama hausogei, muulize mjenzi kama aliuacha juani chini ya plastiki nyeusi.

Ukishathibitisha kwamba kosa ni lako

Tenga bechi hiyo na zile zilizotengenezwa baada ya mabadiliko unayoyashuku, hata kama bado hazijapimwa. Rudi nyuma kwenye daftari la zamu mpaka uikute siku ambayo matokeo yalikuwa mazuri kwa mara ya mwisho. Kati ya siku hiyo na leo ndimo kosa lilimo. Waarifu wanunuzi kwa namba za bechi, si kwa maneno ya jumla. Kwa Ulaya, mtengenezaji akiona bidhaa yake hailingani na tamko anatakiwa kurekebisha, kuondoa sokoni au kurudisha mara moja, na ikiwa kuna hatari kuziarifu mamlaka. Tamko na hati zake huhifadhiwa miaka 10, kwa hiyo mkaguzi ataiona hata ile ripoti uliyotamani ipotee. Mficha uchi hazai.

Kisha andika fomu ya ukurasa mmoja ambayo lazima isainiwe kabla ya mtu yeyote kubadili gundi, punje, gesi, foili au muuzaji. Fomu hiyo iwe na swali moja kwa herufi kubwa: ni ripoti gani ya kipimo inayokufa kwa badiliko hili? Ibandike pale kwenye valvu ya gundi, si ofisini.